Ushuru wa Vitabu Vitumwavyo kwa Posta

Mwalimu wa Kigoma akitumiwa na rafiki yake wa Nairobi riwaya moja ya Kiswahili kwa njia ya posta, huenda kitu cha kwanza kumfikia kisiwe riwaya bali karatasi. Karatasi hiyo humwarifu kwamba kuna kifurushi chake, na kwamba sharti afike dirishani na kitambulisho. Akifika huambiwa kwamba kitabu hakina ushuru, naye hufurahi. Kisha huonyeshwa hesabu: ada ya kukifikisha kifurushi mbele ya forodha, ada ya kukitoa humo, na kama ile karatasi ilichelewa njiani, ada ya kukilaza ghalani. Akiuliza imekuwaje kitu kisicho na ushuru kimgharimu fedha, hujibiwa kwamba hizo si ushuru, ni ada. Jina limebadilika, mfuko utokao fedha ni ule ule.

Watu wabishanapo juu ya ushuru wa vifurushi, aghalabu huwa na viatu, simu na vipuri vya magari akilini mwao. Juu ya bidhaa hizo serikali ina haki ya kutoza na raia ana haki ya kunung'unika, wala hapana kati yao aliye na neno la mwisho. Juu ya kitabu neno la mwisho lilikwisha kusemwa zamani, tena na serikali zenyewe. Waliosema ni wao, waliotia sahihi ni wao, na watozao leo dirishani hutoza kwa niaba yao. Kwa hiyo swali la ada za vitabu si swali la huruma kwa wasomaji. Ni swali la ahadi, na ahadi ni deni.

Ahadi ya kwanza ilitolewa mwaka 1950, miaka mitano tu baada ya vita vikuu, Mkutano Mkuu wa UNESCO ulipokutana Florence katika Italia na kupitisha mkataba juu ya uingizaji wa vitu vya elimu, sayansi na utamaduni. Mkataba huo ulianza kutumika tarehe 21 Mei 1952. Kifungu chake cha kwanza chawafunga wanachama wasitoze ushuru wa forodha wala malipo mengine juu ya vitabu na machapisho yaingiayo katika nchi zao. Tanganyika, Uganda na Kenya ziliuridhia katika miaka ya 1960, uhuru wao ukiwa bado mchanga, wala hapana aliyezishurutisha. Tena itifaki ya kuupanua mkataba huo ilipitishwa Nairobi kwenyewe, Novemba 1976. Na katika ushuru wa pamoja wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, kitabu kilichochapwa kimewekwa katika daraja ya sifuri. Kwa maandishi, basi, mambo yamenyooka.

Lakini waliouandika mkataba wa Florence walikuwa watu wenye kuijua dunia. Walitambua kwamba mlango ukifungwa mtozaji ataingia kwa dirisha. Ndiyo maana walieleza ni ada gani zinazoweza kuvumiliwa: zisizidi takriban gharama ya kazi iliyofanywa, zisiwe kinga ya siri kwa bidhaa za nyumbani, wala zisiwe kodi ya kuijaza hazina. Maneno hayo ni mafupi, na yangefuatwa, nusu ya malalamiko ya wapokeaji wa vitabu yangekwisha.

Ahadi ya pili ni kongwe zaidi. Tarehe 9 Oktoba 1874 wajumbe wa mataifa walitia sahihi mjini Bern, Uswisi, mkataba ulioziweka nchi zao kuwa eneo moja la posta kwa kubadilishana barua. Umoja wa Posta Duniani uliozaliwa hapo waishi hata leo, na mkataba wake hugusa jambo hili hili la ada. Wasema kwamba ada ya kukiwasilisha kifurushi kwa forodha itozwe tu kwa kifurushi kilichokutwa na ushuru au malipo mengine ya namna hiyo. Hapo kitabu kimesalimika. Ila aya ifuatayo huliruhusu shirika la posta lililopewa idhini ya kuvitoa vifurushi forodhani kwa niaba ya wateja kutoza ada ya kazi hiyo, hata kama kifurushi chenyewe hakina ushuru. Hilo ndilo tundu ambamo kitabu hukwama. Hata hivyo tundu lenyewe lina masharti mawili: ada itokane na gharama halisi, na mteja aarifiwe wazi kabla ya kudaiwa.

Yafaa masharti hayo mawili yapimwe kwa mambo yatendekayo. Gharama halisi ya kukitoa kitabu forodhani ni ipi? Afisa huifungua bahasha, hukiona kitabu, hutazama tamko lililobandikwa nje, huifunga bahasha. Kazi hiyo haihitaji mizani wala maabara, wala haihitaji kufikiri sana, maana daraja ya ushuru ni sifuri hata kitabu kiwe na thamani gani. Ikiwa ada ya kazi hiyo ni ile ile itozwayo kwa kukadiria thamani ya mashine, kuitafuta daraja yake na kuipigia hesabu ya kodi, basi ada hiyo haikutokana na gharama. Imetokana na desturi tu ya kumtoza kila apitaye.

Tena ada ya mkupuo mmoja haiwaangukii watu wote sawasawa. Kontena lenye nakala elfu kumi huweza kuandikiwa tamko moja. Nakala hizo hizo zikitumwa moja moja kwa posta huandikiwa matamko elfu kumi. Mfanyabiashara huigawa gharama ya tamko lake juu ya nakala zote, hata mnunuzi asiihisi. Mwanafunzi huibeba ya kwake peke yake. Na ichukuliwe kwa mfano kwamba kitabu cha shilingi 10,000 kimetozwa ada ya shilingi 5,000. Kwa jina ushuru wake ni sifuri. Kwa hesabu amelipa asilimia 50. Daraja ya juu ya ushuru wa pamoja wa Jumuiya, iliyoanza kutumika Julai 2022, ni asilimia 35, ukiacha orodha ya bidhaa nyeti kama sukari na mchele. Kumbe kitabu kilichosamehewa chaweza kugharimu kwa uwiano kuliko bidhaa ambayo serikali imekusudia hasa kuizuia isiingie. Utaratibu uliowekwa ili kumnasa mwenye biashara humnasa asiye na biashara.

Kuhusu sharti la pili, la kuarifiwa kabla, hapana haja ya maneno mengi. Mtumaji anunuapo stempu huambiwa bei ya stempu. Haambiwi mwenzake atadaiwa nini upande wa pili, naye hadhani kwamba zawadi aliyoigharimia yaweza kuwa deni kwa apelekewaye. Tamko la forodha analolijaza kwa desturi huchapwa kwa Kifaransa, lugha rasmi ya Umoja wa Posta, na aghalabu kwa Kiingereza pamoja nacho. Mtu wa Kigoma na mtu wa Nairobi, ambao lugha yao ya pamoja ni Kiswahili, tena kitu kitumwacho ni kitabu cha Kiswahili, hulazimika kukieleza kitabu hicho kwa lugha mbili za Ulaya ili kipite baina yao.

Nchi za Afrika Mashariki hazina udhuru wa kusema kwamba njia nyingine haijapata kuonekana. Forodha za Kenya na Uganda ziliunganishwa mwaka 1917. Posta za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa mwaka 1933, na stempu moja iliyobeba majina ya nchi tatu ikafikisha barua Kisumu, Jinja na Tabora. Utawala wa kikoloni haukufanya hayo kwa kuwapenda wasomaji. Ulifanya kwa kupunguza gharama zake wenyewe. Hata hivyo jambo lililoanzishwa kwa nia ya ubahili laweza kuwafaa watu, na hili liliwafaa. Kamati ya Lugha, iliyoanzishwa mwaka 1930 ili kukisanifisha Kiswahili katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, isingaliweza kufanya kazi kama makaratasi yake yangalizuiliwa katika kila mpaka. Idara ya Vitabu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1948, ilichapisha Nairobi vitabu vilivyosomwa katika nchi zote hizo.

Matunda yake yamo katika kila mtaala wa fasihi. Euphrase Kezilahabi alikuwa mtu wa Ukerewe, lakini Rosa Mistika ilitolewa na Idara hiyo ya Nairobi mwaka 1971. Said Ahmed Mohamed ni Mzanzibari, na Utengano ilichapishwa Nairobi mwaka 1980. Fasihi ya Kiswahili haijapata kuwa fasihi ya nchi moja. Mwandishi huzaliwa upande huu, mchapishaji huwa upande ule, na msomaji huwa pande zote. Kila kitozwacho kitabu mpakani hutozwa katika mwili wa fasihi hii yenyewe, maana mpaka hupita katikati yake.

Mwaka 1977 Jumuiya ya kwanza ilivunjika. Shirika la pamoja la posta liligawanyika, Idara ya Vitabu ikafa, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi mwaka 1983. Jumuiya ya pili ilitiwa sahihi mwaka 1999, umoja wa forodha ukaanza mwaka 2005 na soko la pamoja mwaka 2010. Leo nchi wanachama ni nane, tangu Somalia hadi Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Forodha moja imerudi kwa jina. Posta moja haikurudi hata kwa jina.

Ni haki kukiri kwamba Jumuiya haikuwasahau wadogo wote. Mchuuzi apitaye Namanga na mzigo wa bidhaa za Afrika Mashariki usiozidi thamani ya dola 2,000 huweza kupata hapo hapo mpakani cheti rahisi cha asili ya bidhaa, akapita bila ushuru. Huo ni utaratibu mwema, nao waonyesha kwamba serikali zikitaka kurahisisha hujua namna ya kurahisisha. Lakini wamfaa mtu aliyesimama mbele ya afisa. Afisa humwuliza naye humjibu. Kifurushi hakina ulimi. Hakiwezi kueleza kwamba kimechapwa Dar es Salaam, kwamba hakiuzwi, kwamba aliyekituma ni mwalimu na aliyepelekewa ni mwanafunzi. Yule ambaye angeweza kusema hayo yuko mamia ya maili kutoka mpakani, na ndiye atakayelipa.

Watetezi wa ada wana hoja nne, na hapana hata moja iliyo ya kupuuzwa.

Hoja ya kwanza ni ya hazina: serikali yahitaji fedha, na mkono mtupu haulambwi. Kweli, lakini ada hizi, kwa kauli ya wazitozao, si mapato bali ni fidia ya gharama. Mtu hawezi kusema dirishani kwamba ada ni gharama tu, kisha akasema bungeni kwamba ikiondolewa hazina itapungukiwa. Kama ni mapato, mkataba wa Florence umevunjwa. Kama ni gharama, basi na ionyeshwe gharama. Mwenye hoja na achague mguu mmoja asimame.

Hoja ya pili ni ya wachapishaji wa nyumbani, kwamba kitabu cha kigeni kikiingia bure cha nyumbani kitadoda. Hofu hii yaeleweka mahali penye vitabu vya shule viletwavyo kwa maelfu kutoka ng'ambo. Haieleweki kwa nakala moja iliyomo katika bahasha. Wala mchapishaji wa Kiswahili hana soko la nyumbani lenye kumtosha ndani ya mpaka mmoja. Riziki yake imo katika kuvuka. Kumkinga kwa kuufunga mpaka ni kumkinga samaki kwa kumtoa majini.

Hoja ya tatu ni ya wadanganyifu, watakaoandika neno “vitabu” juu ya kifurushi cha simu. Watakuwapo. Lakini afisa tayari ana haki ya kukifungua kifurushi, na haki hiyo haiondoki kwa kuondoa ada. Akikuta simu, na amtoze mwenye simu ushuru na faini. Kumtoza mwenye kitabu kwa sababu mwingine huenda akadanganya ni kumwadhibu asiye na kosa ili mwenye kosa asipate nafasi.

Hoja ya nne ndiyo mpya, nayo hupendwa sana siku hizi: kwamba intaneti imeyamaliza haya yote, na msomaji aweza kupata kila kitu pasipo bahasha. Mwenye kusema hivi hajakitafuta kitabu cha Kiswahili. Diwani iliyochapwa mara moja na nakala zake zikaisha, na toleo la zamani la jarida la chuo, vitu vya namna hii aghalabu huwapo katika karatasi tu, mikononi mwa watu. Aliye navyo Mombasa hawezi kumfikishia mwenzake wa Bukavu isipokuwa kwa kuvifunga na kuvituma, au kumkabidhi msafiri mkononi. Na kwa kweli wasomi wengi huchagua msafiri. Hiyo ni hukumu juu ya posta: katika karne hii watu huona salama zaidi kitabu kikisafiri mkobani mwa abiria, kama zama za misafara.

Pamoja na ada ipo kodi. Mwaka 2013 sheria mpya ya kodi ya ongezeko la thamani ya Kenya iliviingiza vitabu katika kiwango cha asilimia 16. Mkataba wa Florence haukuvunjwa, maana huruhusu kodi ya ndani iwapo ni sawa na ile itozwayo vitabu vya nyumbani. Lakini uhalali si busara. Uingereza katika kiangazi cha mwaka 1940, ndege za adui zikiwa juu yake na hazina yake ikihitaji kila senti, ilikusudia kuvitoza vitabu kodi ya manunuzi, waandishi, J. B. Priestley miongoni mwao, pamoja na wachapishaji na viongozi wa dini waliipinga, na serikali ikaiacha mwezi Agosti mwaka huo huo. Ikiwa nchi iliyo katika vita iliweza kuona kwamba senti ya kitabu si senti njema, nchi zilizo katika amani zina sababu gani ya kutoliona hilo?

Yupo atakayesema kwamba haya ni mambo madogo ya makarani, yanayoweza kungoja. Yaliyotukia mwaka 2025 yanaonyesha kwamba hayangoji. Tarehe 29 Agosti mwaka huo Marekani iliondoa msamaha wa ushuru uliokuwa ukivihusu vifurushi vyenye thamani isiyozidi dola 800. Mashirika ya posta ya nchi nyingi yalisimamisha kupokea vifurushi vya bidhaa viendavyo huko, kwa kuwa haikuwa wazi nani aukusanye ushuru mpya na kwa njia gani. Sheria ya Marekani ya mwaka 1988 ilikuwa imeyatenga machapisho na amri za dharura za namna ile, kwa hiyo kitabu hakikukusudiwa na ushuru huo. Lakini palipokuwa hapapokelewi kifurushi chochote cha bidhaa, msamaha wa kitabu ulikuwa na faida gani? Sheria iliacha mlango wazi na utaratibu ukaufunga. Jambo lile lile ambalo huko lilitokea kwa kishindo, katika dirisha la posta hutokea kimya kimya.

Dawa yake haihitaji mkataba mpya, kwa maana mikataba ipo. Yahitajika mambo matatu. La kwanza, kifurushi cha machapisho kisicho na ushuru kikabidhiwe mwenyewe bila ada yoyote ya forodha. Kama ipo gharama, na iingizwe katika bei ya stempu, ambapo mtumaji huiona kabla hajalipa. Jambo hili lawezekana: vitu vya wasomaji vipofu vimesamehewa gharama za posta duniani kwa miongo mingi, na posta hazikufilisika. La pili, kila ada ibandikwe ukutani kwa Kiswahili pamoja na kifungu cha sheria kinachoiruhusu, na kila atozwaye apewe stakabadhi inayokitaja kifungu hicho. Ada isiyoweza kubandikwa ukutani haifai kutozwa mezani. La tatu, nchi za Jumuiya ziyahesabu machapisho yatumwayo baina yao kuwa ni posta ya ndani, kama ilivyokuwa kabla ya mwaka 1977, na tamko lake liwe la mistari michache ya Kiswahili.

Kila tarehe 7 Julai huadhimishwa Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO, shirika lile lile lililoupitisha mkataba wa Florence. Kamisheni ya Kiswahili ya Jumuiya ina makao yake Zanzibar, na wakuu wa nchi wamekikubali Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Jumuiya. Hayo ni mambo ya heshima. Lakini heshima ya lugha haimo katika hotuba peke yake. Hupimwa pia pale Kigoma, kwa yule mwalimu aliyesimama na karatasi yake mkononi. Kama itambidi ahesabu fedha za sabuni na za nauli kabla ya kuamua iwapo atakikomboa kitabu au atakiacha kirudishwe kilikotoka, basi serikali nane zilizoahidi hazijatimiza, na sherehe za Julai hazitalilipa deni hilo.